Mistari Mitatu Ambayo Hukuisema

Ni mwaka mmoja sasa tangu tukuzike kwa maneno ambayo hukuyasema.

Tuliyasoma kaburini kwa kipaza sauti. Tuliyatia kwenye tangazo la kifo chako katika gazeti hili hili, chini ya picha yako. Mwezi wa pili tukayachonga kwenye jiwe, mistari mitatu, na kila aliyepita alisimama akayasoma, akatikisa kichwa kwa heshima: "Nchi yangu ni kubwa kuliko medali. Nimekubali kwa moyo mweupe. Sina ninachojutia."

Waliosoma tangazo lile tunawaomba wasome na hili. Ni refu kuliko kumbukumbu nyingine za ukurasa huu, kwa sababu limechelewa miaka arobaini na moja.

Wewe hukuwa mtu wa maneno makubwa. Ulikuwa mtu wa vipimo. Miaka ishirini na tisa ulikata nguo katika kiwanda cha sare za shule, futi shingoni, kipande cha chaki nyuma ya sikio, na hata ulipostaafu futi ile haikukutoka shingoni. Watoto wa mtaa walikuita Mama Mita. Mgeni akikuuliza duka liko wapi ulimjibu, "Mkuki mmoja na nusu, kisha kata kushoto." Mgeni alibaki ameduwaa, wenyeji wakicheka, kwa sababu wao walishajua kwamba mkuki mmoja wa Mama Mita ni mita hamsini na nane na sentimita kumi na nne. Hakuna aliyepata kukuuliza kwa nini iwe hivyo hasa, isipungue wala isizidi.

Sare ya mtoto wa jirani uliiachia pindo la vidole vinne kwa ndani. "Huyu ana miguu ya baba yake," ulimwambia mama mtu. "Mwakani utanitafuta unishukuru." Chai uliikoroga kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia uliuwekea akiba ya kazi ambayo haikuja. Na takataka hukuzitupa kama watu. Ulipiga hatua tatu za kupishanisha miguu, kiwiko juu, na ganda la ndizi likavuka ua zima likatua ndani ya ndoo. Wifi yako alikuwa akisema, "Huyu hata taka anazitupa kwa kufuzu."

Pazia la sebuleni kwako lilining'inia kwenye mkuki. Mkuki wa kweli, wa mashindano, umelazwa kwenye kulabu mbili juu ya dirisha. Wageni walicheka, nasi tukacheka nao. Tulidhani ni utani wako. Tulidhani mambo mengi.

Aliyetaka haya yaandikwe ni kaka yako. Ametuomba tumsimulie yeye, mbele yako, bila kumpamba na bila kumfichia. Tutajitahidi.

Kaka yako, aliyekutangulia kuzaliwa kwa miaka mitatu, alikuwa mpanga chapa wa gazeti. Kazi hiyo imekufa, kwa hiyo tuieleze. Alisimama siku nzima mbele ya meza ya mbao yenye vichumba vidogo vidogo, kila herufi na kichumba chake, akiokota herufi za madini ya risasi moja moja na kuzipanga kinyumenyume mpaka zitimie mstari, mistari itimie safu, safu zitimie ukurasa. Vidole vyake vilikuwa vyeusi hata siku ya harusi yake. Wewe ulimwita Bwana Herufi, naye alikuita Bibi Mita, na mama yenu alisema amezaa watoto wawili na wote wawili ni vyombo vya kupimia.

Mwaka ule wa mistari mitatu wewe ulikuwa na miaka ishirini na sita. Ulikuwa umefuzu kwenye kurusha mkuki, kwa mita hamsini na nane na sentimita kumi na nne. Wewe na timu mlikuwa katika wiki ya tano ya kambi, na safari ya kwenda kwenye michezo ya dunia ilikuwa imebakiza siku tisa. Ndipo nchi yetu pamoja na nyingine kadhaa zikatangaza kuisusia michezo ile, kwa sababu waandaaji walikataa kulifungia mlango taifa moja lililokuwa likiwatesa watu wake. Mlisikia kwenye redio ya bwalo, mchana, sahani zikiwa mbele yenu. Meneja wa timu akasimama akasema mfungashe mizigo, basi litafika saa tisa. Makoti ya timu, yaliyokwisha kushonwa, mkaambiwa myaache vitandani yamekunjwa.

Ulilikunja la kwako. "Mkono wa kulia ulikuwa mfupi kwa nusu inchi," ulitusimulia baadaye. "Kwa mrusha mkuki hilo si jambo dogo. Nilipanga kulifumua nikishafika." Juu ya siku ile hukuwahi kutuambia zaidi ya hapo.

Hatuandiki hapa kuwahukumu waliosusia. Wale waliokuwa wakiteswa walikuwa watu kweli, na sauti ilihitajika. Wewe mwenyewe hatukukusikia hata siku moja ukisema mgomo ule ulikuwa wa bure. Tunachosema ni kwamba sauti ilitolewa, na katika ninyi kumi na tisa mliorudishwa na basi, hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Kisha kaka yako akafanya ionekane kwamba wewe uliulizwa.

Ilikuwa kesho yake, alasiri. Ukurasa wa mbele ulikuwa umejaa habari za mgomo, na katikati yake picha yako umenyanyua mkuki. Mhariri alishuka kutoka ghorofani na kalamu mbili mkononi.

"Picha ya dada yako imekatwa chini," alisema. "Imeacha mistari mitatu."

"Nipange nini?"

"Maneno yake. Mwandishi hakukuletea?"

"Hakuleta kitu."

"Wewe si kaka yake? Unajua atasema nini. Jaza, mashine inasubiri."

Ulikuwa nyumbani kwa mama yenu, unafua nguo za kambini. Kutoka pale hadi kwenye chumba cha kuchapia ilikuwa mikuki minane. Uliipima mwenyewe. Kaka yako angeweza kukimbia, akakuuliza, akarudi, na mashine ingesubiri dakika kumi.

Hakukimbia. Anasema vidole vilianza kuokota kabla kichwa hakijaamua. Alitaka upendeze. Alitaka nchi nzima ikuone kama alivyokuona yeye, na maneno makubwa yalikuwa mengi hewani siku hizo, ilikuwa ni kuyachuma tu. Lakini anasema kuna kitu kimoja ambacho hakuweza kujidanganya nacho, wala leo hawezi. Alama za kunukuu. Zilikaa kwenye kichumba cha mwisho kabisa, juu kulia, mbali na herufi nyingine. Ilimbidi anyooshe mkono. Akaunyoosha. Akakufungulia usemi, akakufungia.

Asubuhi ulimfuata kwake, gazeti kwapani. Wifi yako alikuwa na mimba ya kwanza, amelala chumbani kwa kichefuchefu. Kaka yako alikuwa anakunywa chai akisubiri kusifiwa.

"Kaka, haya nilimwambia nani?"

"Si ndivyo unavyohisi?"

"Sijaulizwa ninavyohisi."

"Lakini ni maneno mazuri."

"Mazuri mno. Ndiyo maana nimejua si yangu."

Alicheka. Wewe hukucheka, naye akaacha.

"Mikuki minane," ulimwambia. "Nimepitia chumba chenu cha kuchapia nikija, nikaihesabu. Ungenitumia hata salamu."

"Mashine ilikuwa inasubiri."

"Na mimi nilikuwa nafua."

Ndipo akaweka kikombe chini. "Ukiyakana, nafukuzwa. Hata wiki haiishi. Na huyu huko ndani..." Akaelekeza kidevu kwenye mlango wa chumba.

Uliutazama mlango ule. "Wifi anaendeleaje?"

"Anatapika tu."

"Mpe ndimu anuse."

Ukaliacha gazeti mezani, ukatoka. Kaka yako anasema alishusha pumzi. Anataka hilo nalo liandikwe, kwamba ulipotoka alishusha pumzi, akamalizia chai yake, na chai ilikuwa bado ya moto.

Maneno yale yakaota miguu. Waziri aliyasoma bungeni. Chama cha riadha kikayapaka rangi kwenye ukuta wa uwanja, herufi ndefu kukuzidi kimo. Miezi minne baadaye wenzako kumi na wanane walikiandikia chama barua. Hawakuwa wanalalamikia mgomo. Waliomba tu wapelekwe kwenye mashindano mengine, madogo, ambayo nchi haikuyasusia, ili jasho lao lisiende hivi hivi. Chama kikawajibu kwa sentensi moja: mwenzenu mrusha mkuki amesema hana anachojutia, ninyi mna nini cha kumzidi yeye? Barua ikafia hapo.

Katika wale kumi na wanane alikuwamo Bondia. Wasomaji wa rika letu watamkumbuka, pua yake imelala upande wa kushoto. Kambini mlikaa meza moja. Wewe ulimpa ngozi ya kuku kwa sababu aliipenda, yeye akakupa viazi. Alikungoja kwenye geti la kiwanda siku ya kwanza ya kazi yako.

"Umetuuza kwa mistari mitatu," alisema.

Jibu ulikuwa nalo. Lilikuwa la maneno manne au matano, na lingekurudishia marafiki kumi na wanane. Ulilimeza.

"Habari za nyumbani, Bondia?"

Akakupa mgongo. Tangu siku hiyo hakuitikia salamu yako, na wengine wakafuata. Ulimwamkia sokoni, ukamwamkia hospitali, ukamwamkia kwenye foleni ya maji ule mwaka wa ukame. Binti yako, mtoto wako wa pekee, uliyekuwa ukimshika mkono siku hizo, aliwahi kukuuliza kwa nini unamsalimia mtu asiyeitikia. Ulimjibu, "Kwa sababu ana haki ya kutoitikia." Aliona ni jibu la ajabu. Sasa analielewa.

Michezo mingine ilipokaribia ulikuwa na miaka thelathini, bega zima. Ulikwenda uwanjani kuomba nafasi ya majaribio. Mtu wa chama alikupokea vizuri sana, akakuletea kiti. "Mama, wewe umeshatoa," alikwambia, akanyoosha kidole ukutani. "Na umesema mwenyewe. Pumzika, waachie na wengine." Ulisimama mbele ya maneno ya kaka yako, makubwa kuliko wewe, yamepigwa rangi mpya. Kisha ukarudi nyumbani. Wiki hiyo ndipo ulipotundika pazia kwenye mkuki.

Hili la uwanjani ulimsimulia binti yako siku moja ukimpima gauni, ukidhani ni mdogo mno hatashika. Alishika.

Na sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa tunakula maneno yale. Hakuna harusi katika ukoo huu ambayo hukusimamishwa. "Huyu ndiye aliyesema..." na ukumbi mzima ukapiga makofi, nawe ukainuka kidogo, ukakaa, kisha ukainuka tena kwenda kutazama kama chai imechemka. Tuliita unyenyekevu. Mtoto wa mimba ile, ambaye sasa ni mwalimu wa miaka arobaini, aliyakariri akiwa darasa la tatu na kupewa zawadi ya daftari. Alikuletea ulione. Ulilipekua kurasa zote, tupu, ukasema, "Karatasi nzuri." Wifi yako alipokosana na majirani aliwakumbusha yeye ni wifi ya nani. Kila mmoja wetu alijikatia kipande cha kanzu ile ya maneno akavaa, na mwenye kanzu hatukumtazama kama inamtosha.

Kaka yako alikuwapo kwenye harusi zote hizo. Alipiga makofi pamoja nasi. Anasema alikuwa akipiga kwa nguvu zaidi ili asikusikie ukiinuka kwenda jikoni.

Miaka mitatu iliyopita alikuja mtangazaji wa redio, msichana mwenye adabu, kukuhoji. Kaka yako alikuwa ameketi sebuleni kwako chini ya lile pazia, mikono magotini. Katika gazeti lile alishastaafu zamani. Mhariri alishakufa. Hakukuwa tena na mtu wa kumfukuza.

"Bibi," mtangazaji aliuliza, "hivi kweli hujutii?"

Ulimtazama kaka yako. Anasema ulimpa muda. Ulikuwa kama mtu anayeshikilia mlango wazi ili mwenzake apite kwanza. Yeye akatazama magoti yake.

"Niliyoyasema yaliandikwa," ulimjibu mtangazaji. "Kayasome."

Alipoondoka ulikusanya vikombe. Bila kugeuka, ukiwa umempa kaka yako mgongo, ndipo ulipoyasema yale ambayo ni ya kwako kweli, na leo tunayachapa kwa mara ya kwanza:

"Nilitaka kujua tu ningekuwa wa ngapi, Kaka. Hata wa kumi na tano. Wangeniuliza, huenda ningekubali kubaki, wale watu walikuwa wanateseka. Lakini nilitaka kujua."

Kaka yako alisema, "Ndiyo." Hilo tu. Akakusaidia kubeba sinia.

Ulianguka asubuhi ya Jumanne ukianua nguo, na Ijumaa ukatutoka. Kaka yako ndiye aliyepeleka tangazo la msiba. Siku hizi hakuna herufi za risasi, kuna kijana na kompyuta, naye aliuliza bila kuinua macho, "Chini ya picha tuweke nini? Kuna nafasi ya mistari mitatu."

Sentensi yako ya kweli ilikuwa mdomoni mwake. Akatoa ile nyingine.

Mara ya kwanza alikuwa na miaka ishirini na tisa, mhariri juu ya kichwa chake, mkewe anatapika. Mara ya pili hakuwa na kisingizio hata kimoja. Hii ya pili ndiyo iliyomkondesha mwaka huu mzima, nasi tukidhani ni simanzi tu. Tulimpeleka kupimwa sukari.

Kwenye mazishi, maneno yale yaliposomwa, binti yako aliona mzee mmoja wa pua ya upande akijitoa katikati ya watu na kuondoka. Alimkimbilia. "Mzee, hata hatujamaliza."

"Hata hapa," Bondia alisema. "Hata leo anayarudia." Akaenda zake.

Mwezi uliopita tulikaa nyumbani kwa kaka yako kuandika kumbukumbu hii. Tulikuwa watu wanne mezani. Binti yako alishika kalamu. "Chini ya picha tunaweka maneno yale yale ya Mama, au?"

"Yale si ya mama yako," kaka yako alisema.

Tulidhani umri umeanza kumchezea. Akarudia. Kisha akaeleza, kuanzia mhariri na kalamu zake mbili mpaka kijana wa kompyuta, na alipofika kwenye kile kichumba cha juu kulia alinyoosha mkono hewani kutuonyesha, na mkono ukabaki juu.

Wifi yako ndiye aliyesema kwanza. "Yaani miaka yote hii nalala na mwandishi mashuhuri na mimi sina habari." Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe. Kisha akauliza taratibu, "Na mimba uliyomtisha nayo ni hii?" Akamshika bega binti yake mwalimu.

"Ndiyo."

"Basi ulinitumia na mimi kumziba mdomo. Nikiwa nimelala."

Binti yako alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga. Alirudi kesho yake, akasimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Mjomba, Mama alijua kwamba siku moja utasema?"

"Hapana."

"Alikufa anajua hutasema."

"Ndiyo, mwanangu."

"Basi sema. Na usiseme humu ndani tu, kwa sababu humu ndani simo mlimoharibika. Na kabla ya gazeti, aambiwe Bondia. Uso kwa uso."

Bondia ni fundi viatu sasa, ana kibanda nyuma ya kituo cha mabasi. Kaka yako alikwenda peke yake, kwa miguu. Alisimama mbele ya kibanda, na Bondia akaendelea kugonga soli huku misumari imebanwa midomoni, na kaka yako akaongea mbele ya nyundo ile mpaka mwisho. Mwisho ulikuwa ile sentensi yako. Nyundo ikanyamaza. Bondia akatema misumari kiganjani, mmoja mmoja.

"Wa ngapi," alisema. "Hata mimi. Wangenipiga raundi ya kwanza, sawa. Lakini ningepigwa na nani?"

Kaka yako akaanza kuomba msamaha.

"Mimi usiniombe. Alinisalimia kwenye foleni ya maji, nina ndoo mbili, yeye ana moja. Nikamwangalia hivi." Akaonyesha alivyokuangalia. "Miaka arobaini. Mimi na wewe tuko foleni moja, Bwana Herufi, na dirishani hakuna mtu."

Kaka yako akamuuliza jina lile la Bwana Herufi alilipata wapi.

"Kambini. Alikuwa akikusifu kila siku. Kaka yangu hakosei hata nukta, alisema."

Tunaliandika hilo kama alivyotuletea. Alipolisimulia alishindwa kulimaliza, wifi yako akalimalizia kwa kukisia, na alikuwa amekisia sawa.

Jiwe lako tumelitengeneza. Fundi alisema maneno hayafutiki, lazima uso mzima wa jiwe uparuzwe mpaka herufi ziishe. Akauparuza. Kaka yako alisimama pale tangu asubuhi, vumbi jeupe likimwingia kwenye nyusi, akisoma mistari yake ikipotea kinyumenyume, kutoka mwisho kuja mwanzo, namna ile aliyozoea kusoma. Sasa jiwe lina jina lako, na chini yake mita hamsini na nane na sentimita kumi na nne. Limepungua unene kwa nusu inchi. Tunajua wewe ungeliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ukuta wa uwanja ulishabomolewa zamani, na hilo si kwa hisani yetu. Harusini hatutakusimamisha tena. Kanzu yako tumeivua.

Hatukuombi utusamehe. Tulikuzoeza kutusamehe bila kuombwa, na hiyo ndiyo hatia yetu sisi sote, wa kwanza kaka yako, na nyuma yake sisi tuliopiga makofi.

Wanaokukumbuka ni binti yako, ambaye bado hajaanza kumsalimia mjomba wake lakini alimshika mkono kuvuka barabara wakirudi makaburini. Wifi yako, ambaye angali anatupia taka ndoo yako na kukosa. Mwalimu, mtoto wa mimba ile, aliyetuomba tuandike kwamba daftari lile analo na hajawahi kuandika kitu ndani yake. Wafanyakazi wenzako wa chumba cha kukatia. Na fundi viatu wa nyuma ya kituo cha mabasi, aliyekuja mwenyewe nyumbani kuomba aandikwe hapa kama mwenzako wa timu. Amesema tuandike pia kwamba hajambo, na nyumbani ni wazima. Ni jibu lako, limechelewa.

Na kaka yako.

Jana msanifu wa gazeti alipiga simu. Alisema picha yako imekaa vizuri ukurasani, ila chini yake imebaki nafasi ya mistari mitatu, je, tunataka kuijaza na nini. Kaka yako ndiye aliyepokea simu. Tulikuwa sote chumbani, tukamwona na simu sikioni, mkono wa kulia umenyooka kidogo juu, kisha akaushusha.

"Hapo pa kwake," alimwambia. "Paacheni wazi."

Tutakukumbuka daima, na tangu leo hatutasema kitu badala yako.